UZI: Kuchambua na kupunguza vitu vya nyumbani kabla ya kuhamia mbali. Anza na njia ya usafiri, sio na kabati

Mita_Ujazo

Wakuu, heshima kwenu. Uzi huu ni wa wanaohama mbali kweli: nchi nyingine, bara jingine, au safari ya lori ya siku kadhaa. Kila anayehama huambiwa "punguza vitu", kisha anaachwa hapo amesimama mbele ya kabati lililo wazi. Ninavyoona, swali la kwanza sio unakipenda kitu gani wala mara ya mwisho ulikitumia lini. Swali la kwanza ni mzigo unakwenda kwa njia gani, maana njia ndiyo inayoamua kipi ni ghali kubaki nacho.

Ndege inatoza kwa uzito, lakini uzito huo uko wa aina mbili, wa mizani na wa ujazo, na unalipia ule ulio mkubwa. Zidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, gawa kwa 6000, hapo umepata kilo za ujazo. Mita moja ya ujazo inakuwa kilo 167. Kampuni nyingi za vifurushi vya haraka hugawa kwa 5000, kwa hiyo mita hiyo hiyo inakuwa kilo 200. Mto wa kulalia wa sm 70 × 50 × 15 unaweza kuwa na kilo moja tu kwenye mizani, ila kwa ndege utaulipia karibu kilo 9.

Meli, kwa mzigo wa kuchangia kontena na wengine, inahesabu tani moja au mita moja ya ujazo, kipi kimezidi. Vitu vya nyumbani karibu vyote ni vyepesi kwa ukubwa wake, kwa hiyo utalipia ujazo tu, uzito hauulizwi. Chukua vitabu 400 vya kawaida: kilo kama 150, lakini vikipangwa vizuri havifiki theluthi moja ya mita ya ujazo. Kiti kimoja cha sofa cha sm 90 kila upande ni mita 0.73 za ujazo. Anayesafirisha kwa meli akaanza kwa kugawa vitabu ili abaki na kile kiti, amegawa kisichomgharimu na amebeba kinachomgharimu. Kwa ndege ni kinyume chake.

Lori zima au kontena zima, unalipia chombo. Kushuka kutoka mita za ujazo 24 hadi 20 hakubadilishi hata senti kama bado unahitaji kontena lile lile la futi 20. Punguza kwa lengo la kushuka ngazi: kutoka futi 40 hadi futi 20, kutoka kontena zima hadi la kuchangia, kutoka lori kubwa hadi dogo. Ukiona ngazi inayofuata haifikiki, acha kujitesa, jaza chombo ulicholipia.

Kontena la futi 20 lina ujazo wa mita 33 kwenye makaratasi, lakini samani zina miguu na pembe, kwa hiyo hesabu mita 25 hadi 28. La futi 40 ni kama 67 kwenye makaratasi. Na kimo cha mlango wa la futi 20 ni kama m 2.28 ingawa ndani ni m 2.39. Kabati la kipande kimoja linaloweza kusimama ndani linaweza kukwama mlangoni.

Kazi ya siku ya kwanza, basi: futi ya kupimia, daftari, na kila kitu kikubwa kinapimwa kama kimefungwa ndani ya boksi la kufikirika, pamoja na hewa iliyo chini ya miguu yake. Usiguse nguo, usiguse picha. Vitu vikubwa 15 au 20 hivi ndivyo vinavyobeba zaidi ya nusu ya ujazo wa nyumba nyingi.

---

zulia_la_bluu

Mkuu umenifungua macho. Sasa nipe hesabu ya kuamua kitu kibaki au kiondoke, kwa mfano sofa.

---

Mita_Ujazo

Sofa ya watu watatu, m 2.1 × 0.9 × 0.85, ni mita 1.6 za ujazo. Zidisha kwa bei ya mita moja uliyopewa na wakala wa usafirishaji, ongeza kifungashio na bima. Hiyo ndiyo bei ya kuipeleka. Ilinganishe na bei ya sofa *iliyotumika* ya hali kama hiyo huko uendako. Hapo ndipo watu wanapokosea, wanalinganisha sofa yao kuukuu na bei ya mpya dukani, kisha wanaona kubeba ni nafuu.

Bei ya wakala nayo ichunguze. Kuna bei ya mlango kwa mlango, na kuna bei ya bandari kwa bandari ambayo inaacha nje upakuaji, ushuru, ghala na gari la mwisho. Ukitumia ya pili kwenye hesabu, kila kitu kitaonekana kinafaa kubebwa.

Meza ya kulia ya m 1.6 × 0.9 × 0.75 ni mita 1.08. Ukitoa miguu inakuwa kama 0.15. Viti sita vyake ni mita 1.28 na kwa kawaida havifunguki. Ndiyo maana mara nyingi jibu sahihi ni kubeba meza na kuacha viti, japo linaonekana la ajabu.

---

bisibisi77

Kwa upande wa samani niongezee kitu ambacho hesabu ya ujazo haikioni: je, itakubali kufungwa mara ya pili?

Kabati la milango mitatu la m 1.5 × 0.6 × 2.0 ni mita 1.8 likiwa limesimama. Likivunjwa mbao zikalazwa halifiki robo ya mita. Kwenye karatasi ni ushindi mtupu. Lakini kama ni la chipubodi, skrubu zilizoingia moja kwa moja kwenye ubao zimeshakata njia yake kwenye ungaunga wa mbao. Ukizitoa na kuzirudisha, zinazunguka bila kushika. Zile kufuli za duara zinazokazwa kwa nusu mzunguko huvumilia kufunguliwa mara moja, pengine mbili, ila tundu lake likishapanuka kabati linayumba na milango haikutani tena.

Jipime hivi: toa skrubu moja ya bawaba, irudishe kwa mkono na bisibisi fupi. Ikikaza mpaka mwisho, kabati linasafiri. Ikizunguka, libaki. Na ukiona kingo za chini zimevimba kwa maji, usihangaike hata kutoa hiyo skrubu. MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizobanwa) ni ngumu zaidi lakini ni nzito, na kingo zake hupasuka skrubu ikirudishwa kwa nguvu. Irudishe kwanza kinyume mpaka usikie "tik", ndipo uikaze: hapo imeingia kwenye njia yake ya zamani badala ya kukata mpya.

Mbao nzima nzima ni habari nyingine, inavunjwa na kujengwa mara kumi. Hatari yake ni hewa. Samani iliyozoea pwani yenye unyevu ikipelekwa kwenye nyumba kavu ya kupashwa joto, ubao unasinyaa kwa upana wake na kupasuka pale ulipogandishwa na gundi au skrubu. Meza yenye uso wa ubao mpana ulioshikwa kwa skrubu bila nafasi ya kucheza ndiyo ya kwanza kupasuka.

Skrubu na nati: kila kipande na mfuko wake mdogo, jina la kipande juu ya mfuko, mfuko ufungwe kwenye kipande *chenyewe* kwa upande wa ndani usiopakwa rangi. Wengine huweka mifuko yote kwenye boksi moja la vifaa. Boksi hilo likipotea, nyumba nzima inalala chini. Kabla ya kufungua, piga picha ya kila kiungo, na uweke namba kwenye mbao kwa seloteipu ya karatasi, kwa sababu pande mbili za kabati hufanana kwa macho ila matundu yake yamegeukana.

---

MamaKatoni

Bisibisi asante, hilo la "tik" litasaidia wengi. Kwa nguo na matandiko mimi nashauri ile mifuko ya kunyonya hewa, inapunguza nafasi kwa nusu au zaidi.

---

Mita_Ujazo

Dada MamaKatoni, inategemea tena njia. Kwa meli ya kuchangia, ndiyo, inasaidia. Kwa ndege, blanketi nene na mito inasaidia, lakini nguo zilizokunjwa vizuri tayari zinakaribia au kuzidi kilo 167 kwa mita. Ukizinyonya hewa unapunguza ujazo ambao hukuwa ukiulipia. Kilo zinabaki zile zile.

---

kifungashio

Na kwa safari ndefu ina madhara. Mito na majaketi ya manyoya, ngozi, sufu nene, godoro la povu: hivi visikae vimebanwa zaidi ya wiki chache. Nyuzi zinavunjika na havirudi kujaa. Meli pamoja na foleni ya forodha ni miezi miwili mitatu bila shida. Tena mfuko ukitobolewa na zipu ya suruali unajaa hewa ndani ya katoni iliyokwisha fungwa, na katoni inapasuka kutoka ndani.

Jambo kubwa zaidi ni unyevu. Nguo ikiingia kwenye mfuko usiopitisha hewa ikiwa na unyevu hata kidogo, unaifungulia ikiwa na ukungu. Fua, anika, kisha iache siku nzima ndani ya nyumba siku kavu kabla ya kufunga. Usipige pasi ukafunga papo hapo, mvuke bado umo. Kontena lenyewe hutoa jasho: mchana bati linapata joto, usiku linapoa, mvuke unageuka matone ya maji juu na kudondoka. Vifuko vya kukausha hewa vya kloridi ya kalisi vinavyoning'inizwa kontenani vina nguvu kuliko vile vidogo vya silika, ila hakikisha ni vile vinavyogeuza maji kuwa gundi ya jeli, sio vya kudondosha kwenye kikombe. Kikombe kikipinduka unamwaga maji ya chumvi juu ya godoro.

---

Nukta_Nne

Naomba twende kwenye mpangilio wa kazi, maana watu wanaanza vizuri wakakwama katikati. Hesabu nyuma kutoka siku ya kupakia.

Wiki ya 12 hadi ya 9: stoo, dari, chini ya vitanda, makabati ya juu. Huko kuna vitu vingi visivyo na mwenyewe wa kulia, na unajifunza kuamua haraka. Wakati huo huo tangaza samani kubwa zinazouzwa, huku ukikubaliana na mnunuzi tarehe ya kuchukua na kupokea malipo ya awali. Kwenye tangazo weka vipimo vitatu na picha ya kasoro. Matangazo yasiyo na vipimo huleta maswali 30 na mnunuzi hakuna.

Wiki ya 8 hadi ya 5: jikoni, vitabu, nguo za msimu usiokuwepo, vifaa vya ufundi. Wiki ya 4 na ya 3: nyaraka, vitu vya watoto, sebule. Picha, barua na kumbukumbu za familia ziache hadi hapa, ukianza nazo utakaa chini kusoma na siku itaisha. Lakini zisivuke wiki ya 3. Usiku wa mwisho kila kitu kinaingia katoni bila kuchambuliwa.

Mafungu yawe matano: kinasafiri na mzigo, kinasafiri nami mkononi, kinauzwa, kinatolewa, kinatupwa. Kila fungu na rangi yake ya seloteipu, na *kila fungu linaloondoka lina siku yake ya kuondoka*. Hili la pili ndilo hushindikana. Fungu la kutoa likikaa ukumbini wiki mbili, watu wanaanza kuvua vitu humo kimoja kimoja, na siku ya kupakia wabebaji wanalipandisha garini pamoja na mengine. Wabebaji hawasomi mawazo. Kisichosafiri kiwe chumba kimoja, mlango ufungwe, ubandike karatasi.

---

zulia_la_bluu

Na fungu la "bado sijaamua"? Maana litakuwepo tu.

---

Nukta_Nne

Katoni moja ya lita 60 kwa nyumba nzima. Ikijaa, ili kiingie kimoja lazima kitoke kimoja.

---

bisibisi77

Hapo sikubaliani kidogo. Katoni ya "bado" inafaa kwa vitu vidogo. Kwa samani haipo, kwa sababu kila samani isiyoamuliwa inabadilisha ujazo, na wakala akija kupima atapima na hiyo. Akikupa bei ya mita 14 kisha siku ya kupakia ukawa na 17, ama unalipa zaidi ama vitu vinabaki barabarani. Samani ziwe zimeamuliwa kabla ya wakala kuingia mlangoni.

---

Nukta_Nne

Sawa mkuu, hoja imekubaliwa. Samani kwanza.

---

waya_mbili

Vifaa vya umeme. Geuza kila kifaa usome kibandiko chake. Kilichoandikwa 100–240 V, 50/60 Hz (chaja, kompyuta, televisheni nyingi za kisasa) kinakwenda popote, kitahitaji plagi tu. Kilichoandikwa 220–240 V peke yake hakifai kwenye nchi ya 100–127 V, na kinyume chake ni hatari.

Vifaa vya joto ndivyo visivyostahili kubebwa. Birika la wati 2000 la 230 V likichomekwa kwenye 120 V linatoa kama wati 540, utangoja chai mpaka usahau. La 120 V kwenye 230 V linavuta karibu mara nne ya nguvu yake na kuungua. Transfoma ya kuendesha birika au pasi ni kubwa, nzito, na ghali kuliko birika lenyewe. Vifaa vyenye mota ya kawaida vina tatizo la pili ambalo transfoma haliondoi: kutoka 60 Hz kwenda 50 Hz mota inazunguka polepole kwa asilimia 17 hivi na kupata joto zaidi. Feni, friji za zamani, zote humo.

Kama volti zinalingana na umeamua kubeba friji: izime na uiyeyushe saa 24 kabla, mwaga maji ya kisahani cha nyuma karibu na kompresa (kinasahaulika, kisha kinamwagikia godoro), futa, acha mlango wazi mpaka ikauke kabisa. Isafiri imesimama. Ikilazwa, mafuta ya kompresa huingia kwenye mabomba, na ukiiwasha mapema kompresa inafanya kazi bila mafuta. Isimamishe angalau muda ule ule iliolala. Kama ni safari ya siku nyingi, saa 24 zinatosha kwa kawaida.

Mashine ya kufulia ya mlango wa mbele: pipa lake linaning'inia kwenye springi. Mashine mpya huja na bolti ndefu tatu au nne nyuma za kulishikilia pipa wakati wa safari. Bila hizo, lori likipita matuta, pipa linagonga ubavu mpaka vifyonza mshtuko na beringi vinakufa. Kama bolti zilipotea, agiza kwa namba ya modeli *sasa*, sio wiki ya mwisho. Bolti zisipopatikana, ningeiuza. Kujaza blanketi kati ya pipa na bodi ni kwa safari ya mtaa wa pili. Toa pia maji kwenye kichujio cha chini mbele, hubaki maji humo hata kama mashine inaonekana kavu.

---

karani_wa_orodha

Uchambuzi wenu ni mzuri, ila andikeni wakati mnachambua, sio baada. Orodha hiyo hiyo itatumika mara tatu: kwa wakala, kwa bima na kwa forodha.

Kila katoni namba, na mstari mmoja wa vilivyomo pamoja na idadi. "Vitu mchanganyiko" ni mwaliko wa kufunguliwa. Andika "sahani za udongo 12, bakuli 6, zimetumika". Kwa vifaa vya umeme weka na namba ya mfululizo.

Kununua vitu vipya ili uhamie navyo ni kosa la kawaida. Msamaha wa ushuru kwa anayehama mara nyingi unadai kitu kiwe kimetumika. Umoja wa Ulaya, kwa mfano, unataka kiwe kimemilikiwa na kutumika angalau miezi 6 kabla ya kuhama, na hauruhusu kukiuza au kukikodisha ndani ya miezi 12 ya mwanzo bila kutoa taarifa. Televisheni iliyo kwenye boksi lake la kiwandani, na nailoni haijatolewa, inaonekana bidhaa.

Upande wa bima: soma kama inalipa kuvunjika kwa vitu ulivyofunga mwenyewe. Nyingi hazilipi, au zinalipa tu katoni nzima ikipotea. Hilo linabadilisha uamuzi. Vyombo vya kuvunjika vyenye thamani, ama wafunge wao ama usivipeleke.

Sasa vitu vya kukamatwa. Pembe za ndovu, magamba ya kasa, matumbawe, ngozi za baadhi ya wanyama na baadhi ya mbao adimu vinasimamiwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa mwaka 1973 wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Pambo la urithi bila kibali linachukuliwa, halirudi. Vikapu vya majani, vinyago vyenye magome au matundu ya wadudu, mbegu, maua makavu, asali: vikague mapema. Australia na New Zealand ni wakali hasa kwa udongo, kwa hiyo jembe, viatu vya mpira, magurudumu ya baiskeli, na hata mfuko wa mashine ya kufyonza vumbi, visuguliwe au viachwe.

Ukitengenezewa kreti ya mbao, mbao zenye unene wa zaidi ya mm 6 zinatakiwa ziwe zimepashwa joto nyuzi 56 kwa dakika 30 mpaka kiini, na zina mhuri wenye alama ya suke na herufi HT. Fundi wa mtaani akikupigia kreti kwa mbao yoyote, mzigo mzima unaweza kuzuiwa kwa ajili ya kifungashio. Plaiwudi imesamehewa, itumie hiyo.

---

MamaKatoni

Vya kutopakia hata kama nafasi ipo: mitungi ya gesi (hata mitupu), rangi, tina, mafuta ya taa, viberiti, jiki, dawa za wadudu, makopo ya kupuliza, misumari ya kucha yenye asetoni. Wasafirishaji wanakataa, na kopo moja likivuja ndani ya kontena lenye joto, harufu inaingia kwenye godoro moja kwa moja.

---

kifungashio

Ulimaanisha rangi ya kucha na dawa ya kuitolea, dada, misumari haina asetoni 😄

Anza kuvitumia au kuvigawa wiki ya 8. Rangi iliyobaki kidogo (ile ya maji) changanya na mchanga au vumbi la mbao ikauke ndipo itupwe. Dawa za hospitali zilizopitwa na wakati zirudishwe duka la dawa linalopokea, usizimwage chooni. Taa za mirija zina zebaki, zisivunjwe kwenye takataka za kawaida. Betri za lithiamu ziandamane na mtu kwenye begi la mkononi, sio kwenye begi la chini la ndege: pawabenki ya mAh 20,000 ni kama Wh (wati-saa) 74, na mpaka wa kawaida bila kibali ni Wh 100.

Vitu vya kutowapa watu pia vipo. Kiti cha gari cha mtoto kilichopita tarehe yake (imechapwa chini, soma) au kilichowahi kuwa kwenye ajali, na helmeti iliyogongwa. Kwa macho ni vizima, ndani povu limekwisha. Vikate mikanda kabla ya kutupa ili mwingine asivichukue.

---

MamaKatoni

Hahaha asante kwa kunirekebisha. Vidole vimetangulia akili.

---

waya_mbili

Simu na kompyuta za kuuza: kwanza *ondoka* kwenye akaunti yako, ndipo urudishe mipangilio ya kiwandani. Ukiruka hatua ya kwanza, mnunuzi anabaki na simu iliyofungwa na wewe uko nchi nyingine. Kufuta mafaili kwenye diski ya zamani ya kuzunguka hakuyaondoi. Tumia programu ya kuandika juu ya diski nzima, au itoe ubaki nayo.

---

zulia_la_bluu

Na makaratasi? Kuna nyumba zina faili za miaka 20.

---

karani_wa_orodha

Rimu moja ya A4 ni kilo 2.5. Faili kubwa la pete lililojaa ni kama rimu moja, na chuma chake na gamba ni kilo tatu. Kwa hiyo toa karatasi kwenye mafaili kwanza, mafaili yabaki.

Nakala halisi zinazobebwa mkononi, haziendi kwenye mzigo hata siku moja: vyeti vya kuzaliwa, ndoa, talaka, vyeti vya shule na alama zake, hati za nyumba na ardhi, kadi za chanjo, taarifa za hospitali, barua za kazi, leseni. Mhuri wa moto na saini ya wino haviwezi kurudishwa na skana. Vingine vyote (bili, mikataba iliyokwisha, taarifa za benki) skani kwa nukta 300 kwa inchi, picha za familia 600, kisha hifadhi nakala tatu, moja isiwe nyumbani wala safarini. Kumbukumbu za kodi ziangalie muda wa kisheria wa nchi unayoondoka, kuhama hakuufuti. Risiti za karatasi ya mashine zinapauka zenyewe, hasa kwenye joto, kwa hiyo hizo skani kwanza kabisa.

Picha kwenye albamu za kunata usizivute. Pitisha uzi wa kusafishia meno nyuma yake taratibu, zinatoka bila kupasuka.

---

Nukta_Nne

Kanuni moja ya amani: hakuna anayetupa kitu cha mwingine. Kila mtu, na mtoto naye, anapewa katoni ya ukubwa uliokubalika ya vitu vyake vya moyoni, na ndani ya katoni hiyo haulizwi. Ubishi uwe juu ya ukubwa wa katoni, kabla hazijajazwa.

---

zulia_la_bluu

Swali la mwisho, wakuu. Katoni za ukubwa gani, ngapi, na ziandikwe vipi?

---

kifungashio

Ukubwa wa aina mbili au tatu tu, ili zipangike kama matofali. Ndogo ya sm 40 × 30 × 30 (lita 36) kwa vitabu, vyombo na vyuma. Usizidishe kilo 18, kwa hiyo vitabu 45 hivi. Vitabu 400 ni katoni 9 au 10. Ya lita 60 hadi 70 kwa nguo na vyombo vyepesi. Kubwa ya lita 100 na zaidi kwa mito na matandiko *pekee*. Katoni kubwa ikitiwa vitabu, kitako kinaachia kwenye ngazi. Katoni zilizobeba vyakula epuka, mende hutaga kwenye mikunjo yake.

Sahani zisimame wima kama rekodi, zisilazwe, kwa kuwa zikilala ya chini inabeba uzito wa zote kila lori linaporuka. Karatasi nyeupe kwanza, gazeti baadaye, wino wa gazeti huingia kwenye vyombo visivyong'arishwa. Tikisa katoni kabla ya kufunga. Ikilia, bado kuna nafasi, jaza karatasi. Na isibonyee juu, katoni yenye tumbo la hewa ndiyo inayopondwa na ya juu yake.

Seloteipu pana, mistari mitatu chini, na mmoja uvuke kingo zote mbili. Namba na jina la chumba cha *huko uendako* viandikwe ubavuni pande mbili zinazokutana kwenye kona, usiandike juu. Zikishapangwa juu hapaonekani. Yaliyomo usiyaandike nje, yabaki kwenye orodha pamoja na namba, maana neno "televisheni" kwenye katoni linasomwa na kila anayepita ghalani.

---

zulia_la_bluu

Nimeelewa. Naanza na futi ya kupimia, sofa ya kwanza.

---

bisibisi77

Pima na mlango wa nyumba mpya pia. Mwombe aliye kule akupe upana wa mlango bila fremu, na wa kona ya ngazi.